Mshtarii si mpira wa gesi: yaliyomo ndani ya sayari kubwa na nyota

Tikisa mtungi wa gesi wa kilo 6 uliotoka dukani leo. Utasikia kitu kinachezacheza ndani kama maji ya dumu. Gesi ya kupikia, yaani propani na butani, ikigandamizwa mara kadhaa tu ya hewa tunayopumua hugeuka kimiminika, hata katika joto la Mtwara mchana wa Desemba. Ndiyo maana kilo 6 zinaenea kwenye kimtungi cha kubeba kwa mkono mmoja. Mle ndani pana mpaka ulio wazi: chini kimiminika, juu mvuke.

Gesi asilia ya Msimbati, Mtwara, haina tabia hiyo. Inayotoka kwenye visima vya Mnazi Bay na kusafishwa Madimba karibu yote ni methani, na methani ukiigandamiza utakavyo katika joto la kawaida haikupi kimiminika. Inazidi kusongamana tu. Kila gesi ina kikomo chake cha joto, na ukishakivuka, mpaka kati ya gesi na kimiminika haupo tena. Kikomo cha propani ni kama nyuzi 97 za Selsiasi, juu ya joto lolote la jikoni kwako. Cha methani ni nyuzi 82 chini ya sifuri. Kwa hiyo kiwanda cha LNG, yaani gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, kinachopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, hakiwezi kutegemea pampu pekee: lazima gesi ipozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri ndipo ikae kwenye tangi la meli kama maji.

Kikomo cha haidrojeni kiko chini zaidi, nyuzi 240 chini ya sifuri. Shika namba hiyo, maana ndiyo inayoeleza sura nzima ya sayari ya Mshtarii.

Sehemu kubwa ya Mshtarii ni haidrojeni. Kwenye mawingu yake ya juu, mahali ambapo mgandamizo ni sawa na wa hewa ya ufukweni kwetu, joto ni kama nyuzi 108 chini ya sifuri. Baridi kali kwa mtu, ila kwa haidrojeni hilo ni joto lililokwisha kuvuka kikomo mbali sana. Ukizama kutoka hapo hutakuta bahari wala ardhi. Hutakuta hata mstari wa kusema hapa gesi imeisha, kimiminika kimeanza. Unaanza kwenye kitu chepesi kama hewa, kinakuwa kizito kama ukungu, kisha kama mafuta, kisha kama maji, bila kuvuka mlango wowote. Wanaoiita sayari ya gesi hawajakosea kuhusu kilichoiunda. Wamekosea kuhusu hali yake, kwa sababu sehemu iliyo gesi kwa maana ya kila siku ni ganda jembamba la juu, na sehemu kubwa iliyobaki ni majimaji mazito yenye moto.

Kuna chombo kilichowahi kuzamishwa humo kupima. Tarehe 7 Desemba 1995 kipimo, yaani chombo kidogo cha kupimia, kilichotoka kwenye chombo Galileo cha Marekani kilishuka kwa mwavuli na kutuma habari kwa kama dakika 58. Kilipokata mawasiliano, mgandamizo ulikuwa mara 22 hivi ya hewa ya ufukweni, kiasi ambacho ungekipata ukizama mita 200 na ushee baharini, na joto lilikuwa limepita nyuzi 150. Vifaa vilishindwa na joto. Kilikuwa kimeshuka kilomita 150 tu katika sayari ambayo kutoka juu hadi kitovuni ni kilomita 70,000. Kwa kipimo cha dafu, huko ni kulikwaruza kwa ucha wa kidole.

Chini ya hapo

Ukishuka kama kilomita 10,000, mgandamizo unafika mara milioni moja na zaidi ya hewa yetu. Hapo atomi za haidrojeni zimebanwa hadi elektroni hazijui tena ni za atomi ipi. Zinazurura kwenye kundi zima, na kitu chenye elektroni zinazozurura kinapitisha umeme kama waya wa shaba. Hii huitwa haidrojeni ya metali. Usifikirie chuma kigumu. Ni kimiminika, ila kwa umeme kina tabia ya metali. Mshtarii inajizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, na bahari hii ya metali inayotokota huku ikizungushwa ndiyo dinamo inayoipa sayari hiyo usumaku wenye nguvu kuliko wa sayari nyingine yoyote ya Jua.

Jambo hili lilitabiriwa mwaka 1935 na wanafizikia Eugene Wigner na Hillard Huntington, lakini walipunja: walidhani mgandamizo wa mara 250,000 ungetosha. Mwaka 1996 watafiti wa maabara ya Livermore, Marekani, waliipiga haidrojeni ya majimaji kwa mshindo wa bunduki ya gesi, ikaanza kupitisha umeme kama metali ilipofika kama mara milioni 1.4, ikiwa na joto la maelfu ya nyuzi. Kuipata ikiwa yabisi na baridi, kwa kuibana kati ya ncha mbili za almasi, bado ni ubishi. Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha Harvard lilitangaza kuwa limeipata, almasi ikavunjika, na sampuli ikapotea kabla ya wengine kuipima.

Kuna na heliamu, karibu robo ya uzito. Katika joto kali heliamu na haidrojeni ya metali huchanganyika vizuri. Zikipoa, zinaachana. Aliyewahi kuacha tui la nazi likae usiku kucha anajua: asubuhi zito liko juu, maji yako chini. Ndani ya Mshtarii heliamu ndiyo nzito, kwa hiyo inajikusanya kuwa matone na kunyesha kuelekea kitovuni. Ushahidi wake ulikuja kwa njia ya pembeni. Kipimo cha Galileo kilikuta neoni, gesi nyingine adimu, ni kama sehemu moja ya kumi ya kiasi kilichotarajiwa. Neoni huyeyuka ndani ya matone ya heliamu, basi mvua imeondoka nayo. Zohali, ambayo ni ndogo na imepoa mapema zaidi, inanyesha zaidi, na mvua hiyo ikianguka inazalisha joto. Hapo ndipo penye maelezo ya Zohali kutoa joto karibu mara mbili ya linaloingia kutoka kwenye Jua.

Tumejuaje, na hatujafika?

Anza na uzito, maana unaweza kuupiga mwenyewe hesabu kwa darubini ndogo ya mkononi iliyofungwa imara kwenye mti, pale Shangani au popote pasipo na taa nyingi. Utaona miezi minne mikubwa ya Mshtarii kama vidoa vilivyojipanga mstari mmoja. Wa mbali zaidi kati ya hiyo, Kalisto, huzunguka kwa siku 16.69, kilomita milioni 1.883 kutoka katikati ya sayari. Mwezi wetu huzunguka kwa siku 27.32, kilomita 384,400 kutoka kwetu.

Mwezi ukiwa mbali na bado ukazunguka upesi, sayari yake inavuta kwa nguvu, yaani ni nzito; hesabu ya kulinganisha ni hii. Gawa umbali kwa umbali: unapata 4.9. Zidisha 4.9 kwa 4.9 kwa 4.9: 117.5. Gawa siku kwa siku: 0.611, zidisha kwa yenyewe: 0.373. Sasa 117.5 gawa kwa 0.373 ni kama 315. Mshtarii ina uzito wa Dunia 315. Namba kamili ni 318, na pengo hilo dogo lina sababu: mwezi wetu si mwepesi kiasi cha kupuuzwa, una sehemu moja ya 81 ya uzito wa Dunia. Ukiuongeza hesabuni, unafika.

Ujazo wake ni Dunia 1,321. Uzito wa Dunia 318 kwenye nafasi ya Dunia 1,321 unakupa kitu chenye gramu 1.33 kwa kila sentimita ya ujazo, kizito kidogo kuliko maji. Wengi huishia hapo wakasema, kumbe ni nyepesi. Hoja yenyewe inaanzia hapo. Kitovu cha Mshtarii kimebebeshwa mgandamizo wa makumi ya milioni ya hewa yetu. Maji yakibanwa hivyo yanakuwa mazito mara kadhaa, na mwamba vilevile. Kwa hiyo kitu kilichobanwa kiasi hicho kisha bado kikawa na uzito wa maji ya kisimani hakiwezi kuwa maji, wala mwamba, wala methani. Inabaki haidrojeni na heliamu kidogo. Hesabu ndiyo iliyotaja jina lake kabla chombo chochote hakijafika.

Kilichoko katikati kabisa ni kigumu zaidi kukijua. Chombo Juno kilifika Mshtarii Julai 2016, na tangu hapo kila kilipopita karibu, redio yake ilitumika kupima jinsi kinavyovutwa kwa kasi au kucheleweshwa. Mvuto huo unaonyesha uzito umepangwaje ndani. Wengi walitarajia kokwa: mpira wa mwamba na barafu katikati, kisha haidrojeni, kama kokwa ndani ya embe. Vipimo vilionyesha kingine. Vitu vizito vimesambaa na kuyeyuka ndani ya haidrojeni hadi mbali, bila ukingo. Ni kama chumvi inayoyeyuka chini ya sufuria ambayo hujaikoroga. Zohali nayo, kwa kusoma mawimbi madogo kwenye pete zake, imeonekana kuwa na kiini kilichotapakaa hivyohivyo mpaka kama asilimia 60 ya safari ya kutoka kitovuni hadi juu. Kasoro ya njia hii ni kwamba mpangilio zaidi ya mmoja unaweza kutoa mvuto uleule, ndiyo maana namba za kiini hutofautiana kati ya kundi moja la watafiti na jingine.

Haidrojeni ilifikaje huko?

Ulimwengu ulitoka kwenye dakika zake za kwanza ukiwa na robo tatu haidrojeni na robo heliamu, kwa uzito. Mengine yote, mwamba, maji, chuma, hewa, hayafiki asilimia mbili ya kilichotengeneza Jua letu. Dunia ndiyo ya ajabu kwa kukosa haidrojeni huru, wala si Mshtarii kwa kuwa nayo. Karibu na Jua changa palikuwa na joto mno, barafu haikuganda, na vipande vya mwamba peke yake havikutosha kuunda kitu chenye mvutano wa kushika gesi nyepesi. Mbali zaidi, maji yaliganda, mali ghafi ikaongezeka, viini vikafika uzito wa Dunia kama 10. Kuanzia hapo gesi ilianza kumiminikia kiini kwa wingi, na kila kilichoingia kikaongeza mvuto wa kuvuta zaidi. Ila muda ulikuwa mfupi: diski ya gesi iliyolizunguka Jua changa ilitoweka ndani ya miaka milioni chache.

Uranusi na Neptuni zilichelewa. Zina uzito wa Dunia 14.5 na 17, na haidrojeni yao ni gamba la nje tu. Chini yake, kwa makadirio mengi, ni maji, amonia na methani. Vitabu huziita sayari za barafu, jina ambalo kwa maoni yetu linapotosha kuliko hata lile la gesi, kwa sababu barafu hiyo ina joto la maelfu ya nyuzi na mgandamizo mkubwa hata maji yanapitisha umeme. Rangi yao ya kibuluu inatokana na methani ya juu, molekuli ileile inayopita kwenye bomba la Madimba kwenda Dar es Salaam: inameza mwanga mwekundu na kurudisha wa buluu. Ndani zaidi, kaboni ya methani huenda inabanwa mpaka kuwa almasi zinazonyesha. Maabara zimeiona kaboni ikifanya hivyo kwenye plastiki iliyopigwa kwa leza kali. Ndani ya Neptuni kwenyewe hakuna aliyepima.

Nani anabeba mzigo?

Ingia ghala la korosho msimu ukiwa umechanganya. Rundo lina magunia 20 kwenda juu, kila moja kilo 80. La chini kabisa limebeba kilo 1,520, la katikati nusu ya hizo, la juu halijabeba kitu. Rundo linasimama kwa sababu kila gunia linasukuma juu sawasawa na linavyokandamizwa. Nyota na sayari zimejengwa kwa kanuni hiyo tu, na swali la maana kwa kila moja ni hili: gunia la chini limejazwa nini kisichobonyea?

Ndani ya Mshtarii, kinachobeba ni elektroni. Haziruhusiwi kukaa mbili mahali pamoja katika hali moja, na ukizibana zinakimbia kwa kasi zaidi na kusukuma. Ukinzani huu hauhitaji moto. Mshtarii ikipoa kabisa haitaporomoka.

Matokeo yake yanashangaza. Ukiimwagia Mshtarii uzito zaidi, haivimbi. Mara mbili, mara kumi, mara hamsini, upana unabaki karibu uleule, ndani panazidi kubanwa. Ikifika mara 13 hivi, deuteri, ile haidrojeni nzito iliyo haba, inaanza kuungana, yaani viini vya atomi zake vinashikana na kutoa nishati. Kitu cha namna hii kinaitwa kibete cha kahawia, kinamulika kidogo kisha kinapoa. Ikifika karibu mara 80, haidrojeni ya kawaida inaungana na kuendelea. Hapo ni nyota. Kwa hiyo ile kauli kwamba Mshtarii ni nyota iliyoshindwa ina chumvi nyingi: imepungukiwa mara 80.

Ndani ya Jua anayebeba ni joto. Kitovuni ni nyuzi milioni 15.7, na mgandamizo ni mara bilioni 250 ya hewa yetu. Ndoo ya lita 20 ukiichota huko ingekuwa na tani tatu, ingawa kilichomo bado kina tabia ya gesi, kwa sababu chembe zinakimbia kwa kasi isiyoziruhusu kushikana. Protoni, yaani viini vya atomi za haidrojeni, zinagongana, na mara chache mno mbili zinanasana na kuanza safari ya kuwa heliamu. Kila sekunde tani milioni 600 za haidrojeni zinakuwa tani milioni 596 za heliamu. Milioni nne zilizopotea ndizo nishati.

Hapa akili inataka kufikiria tanuri linalonguruma. Sivyo. Mita moja ya ujazo ya kitovu cha Jua inatoa wati zisizofika 300. Mwili wa mtu aliyelala, ukipimwa kwa ujazo huohuo, unatoa zaidi ya wati 1,000. Jua linamulika kwa sababu ni kubwa sana, na linadumu kwa sababu linawaka polepole. Tena linajirekebisha: muungano ukizidi, kiini kinavimba, kinapoa, kasi inashuka, ukipungua, kinabanwa, kinapata joto, kasi inarudi.

Kabla ya kuujua muungano huu, wataalamu wa karne ya 19, Lord Kelvin akiwa mbele, walisema Jua linapata joto kwa kujibana lenyewe. Hesabu yao haikuwa na makosa, ila iliwapa Jua umri wa makumi machache ya miaka milioni. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ina umri wa miaka kama milioni 150. Mnyama yule alikula majani yaliyokuzwa na Jua ambalo kwa hesabu ya Kelvin halikuwa limezaliwa. Jua lina miaka bilioni 4.6, na haidrojeni ya kiini chake imepungua kwa nusu hivi.

Nishati hiyo inatokaje? Kutoka kitovuni hadi asilimia 70 ya njia inasafiri kama mwanga unaogonga na kurushwa huku na huku, kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kuanzia hapo joto limeshuka kufika nyuzi milioni mbili, atomi zinaanza kushika elektroni tena na kuuzuia mwanga, kwa hiyo joto linabebwa na mada yenyewe: kilichopata moto kinapanda, kilichopoa kinashuka, kama uji jikoni. Madonge ya mtokoto huo, yenye upana wa kilomita 1,000 hivi, huonekana juu ya uso wa Jua. Ule mpaka wa asilimia 70 tumeupata kwa sababu Jua linatetema kama ngoma, mtetemo mmoja kwa kama dakika tano, na sauti ya ngoma husema ya ndani yake. (Karibu tarehe 20 Oktoba jua la saa sita hupita utosini Mtwara na mlingoti hukosa kivuli. Usilitazame kwa darubini bila kichujio maalumu cha mbele, hata kwa sekunde.)

Nyota nyingine zimepangwa vingine. Zenye uzito chini ya theluthi ya Jua zinatokota zote mpaka kitovuni, zinatumia karibu haidrojeni yao yote na kuishi muda mrefu kupita umri wa ulimwengu wa sasa. Kubwa zimegeuzwa: kiini kinatokota, nje kumetulia. Yenye uzito wa Jua mara 25 humaliza haidrojeni ya kiini kwa miaka kama milioni saba, heliamu kwa mamia ya maelfu ya miaka, kaboni kwa mamia, oksijeni kwa miezi, silikoni kwa siku moja hivi. Majivu ya hatua moja ni kuni za inayofuata, na tabaka zinakaa moja ndani ya jingine kama maganda ya kitunguu. Mwisho ni chuma. Kuunganisha chuma hakutoi nishati, basi gunia la chini linabonyea, na kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja.

Anayetaka kuona mpira wa gesi kweli atoke nje katikati ya Julai, saa tatu na robo usiku, atazame karibu na utosi, upande wa kusini kidogo. Nyota nyekundu katikati ya kundi la nyota la Nge ni Antares. Ina uzito wa Jua zaidi ya mara 10, upana wa Jua kama mara 700. Ingewekwa mahali pa Jua, ingemeza njia ya Mirihi. Ukigawa uzito huo kwa ujazo huo, unapata kitu chembamba kuliko hewa ya ufukwe wa Msimbati kwa maelfu ya mara.